Ushuru wa ghafla huvunja banda kabla halijasimama

MSIMU wa maonyesho unapowadia, wananchi humiminika Jamhuri Park jijini Nairobi na Mkomani kule Mombasa kujionea mazao, mifugo, mitambo na kazi za mikono. Mtazamaji huona banda lililopambwa likapambika: vyondo vya Ukambani, vinyago vya Wamunyu, na mawe laini ya Tabaka yaliyong'arishwa hadi yakameremeta. Asichokiona ni hesabu iliyopigwa miezi mingi kabla ya siku hiyo. Na katika hesabu hiyo mna mgeni asiyealikwa ambaye hula kabla ya wenyeji, naye ni ushuru wa forodha.

Wengi hudhani ushuru huo ni shida ya matajiri waagizao magari na mitambo. La hasha! Taa za banda, fremu za kutundikia picha na vifaa vinginevyo vya kupambia mara nyingi hutoka ng'ambo. Tuchukue kifaa cha thamani ya shilingi 100,000 kilicho katika daraja la asilimia 25 la ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki. Ushuru wa forodha ni shilingi 25,000. VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya jumla ya hizo mbili, nayo ni shilingi 20,000. Ongeza ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya reli ya asilimia 2, na kile kifaa cha shilingi 100,000 kimekuwa cha shilingi 149,500 kabla hakijatoka bandarini. Tena ile thamani ya kwanza huhesabiwa pamoja na nauli na bima, hivyo kitu kizito hulipiwa ushuru hata kwa uzito wake wa safarini.

Hatusemi ushuru ni uovu. Tangu Julai 2022 nchi za Jumuiya ziliweka daraja la nne la asilimia 35, na miongoni mwa vitu vilivyotiwa humo ni fanicha. Shabaha ni kumlinda seremala wetu, na sisi twaiunga mkono. Ni aibu banda linalojigamba kuonyesha utamaduni wa Kenya kuwekwa meza na viti vilivyoshuka melini, ilhali mafundi wa kuchonga, kusuka na kuezeka wamejaa mitaani. Mwonyeshaji mwenye akili atamwendea fundi wa hapa, na banda lenyewe litakuwa sehemu ya maonyesho.

Kinachotutia wasiwasi si ukubwa wa ushuru bali ughafla wake. Banda hukodishwa mapema, kinyago huchongwa kwa majuma kadhaa na bei huandikwa katika orodha. Ushuru nao waweza kugeuka kwa usiku mmoja. Tozo ile ya reli ilishushwa mwaka 2023 kutoka asilimia 2 hadi 1.5, kisha Desemba 2024 ikarudishwa palepale. Nusu asilimia ni ndogo kwa mwenye duka kubwa. Kwa fundi mwenye faida ya kubabaisha, ni nauli ya kurudi nyumbani.

Waliopeleka kazi zao Marekani walionja machungu zaidi. Aprili 2025 nchi hiyo iliongeza asilimia 10 juu ya bidhaa za Kenya. Mwishoni mwa Agosti mwaka huohuo ikafuta msamaha wa vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800, njia ambayo fundi mdogo aliweza kuitumia kumpelekea mnunuzi aliyekutana naye maonyeshoni. Na tarehe 30 Septemba muda wa mpango wa AGOA wa tangu mwaka 2000 ukamalizika bila kuongezwa siku hiyo. Mambo matatu katika mwaka mmoja! Aliyekuwa amekwisha kukubaliana bei na mnunuzi angefanyaje? Ama alibeba hasara mwenyewe, ama alipandisha bei na kuonekana mtu wa maneno mawili.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili. Neno forodha si geni katika Kiswahili, na Forodhani ya Unguja ingali inaitwa hivyo. Katika mkataba wa mwaka 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani, ushuru wa bidhaa zilizoteremshwa uliwekwa kuwa asilimia 5. Nahodha alijua atalipa nini kabla hajang'oa nanga. Huo ndio msingi wa biashara: si lazima mzigo uwe mwepesi, ila mchukuzi aujue uzito wake kabla ya kujitwika.

Basi lipi la kufanywa? Kwanza, wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Anayevuka mpaka kwenda maonyeshoni na agawe mizigo yake mafungu matatu: vya kuuza, vya kuonyesha na kurudi navyo, na vya kugawa bure. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 huruhusu vitu vilivyoingizwa kwa muda kusamehewa ushuru, mradi virudishwe nje katika muda uliowekwa, usiozidi miezi 12, na mwenyewe aweke dhamana. Anayechanganya mafungu hayo hujikuta akilipia hata kile ambacho angerudi nacho nyumbani.

Pili, kwa safari za hapa jirani, cheti cha asili ya bidhaa kisisahauliwe. Maonyesho ya Jua Kali na Nguvu Kazi yaliyoanza mwaka 1999 huzunguka nchi za Jumuiya. Mwaka 2021 yalikuwa Mwanza na mwaka 2022 Kampala. Kazi iliyofanywa kwa mali na mikono ya hapa kwetu haitozwi ushuru wa forodha ndani ya Jumuiya, na kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kuna cheti chepesi kinachotolewa mpakani. Cheti hicho hakiondoi kodi nyingine za ndani, lakini asiye nacho hutendewa kama mgeni katika nyumba ya ndugu yake.

Tatu, ile dhamana ndiyo kikwazo. Fedha za fundi mmoja zikifungiwa forodhani kwa miezi, hana za kununulia magogo. Hapa ndipo ushirika unapohitajika. Wachongaji wa Kikamba walioungana Changamwe mwaka 1963 walitambua kwamba mmoja mmoja hawafui dafu. Waandalizi wa maonyesho nao, wanaotoza kodi ya banda, wangeweza kupanga dhamana moja kwa waonyeshaji wote wadogo, na kuambatanisha jedwali la ushuru na ile fomu ya kuombea banda.

Serikali nayo tunaiomba jambo dogo. Inapobadilisha viwango vya ushuru, itoe notisi ya kutosha, na aliyekwisha kuagiza vitu vyake asikutwe njiani na sheria mpya. Hilo halitaipunguzia hazina utajiri wake.

Fundi akishindwa kufika, nafasi yake haikai tupu. Hushikwa na mchuuzi wa vitu vya plastiki mwenye mtaji wa kuhimili kila badiliko. Baada ya miaka michache watoto wetu watakwenda maonyeshoni na kurudi wakidhani hatukuwahi kuchonga wala kusuka. Hasara hiyo haiingii katika daftari la forodha, lakini ni sisi sote tutakaoilipa.