Mpala: Nani Ataandika Ombi?

Mara nyingi tumewasikia watu wakizungumza juu ya majengo ya kale ya Mpala, na neno la mwisho ni lile lile: «Leta itaangalia.» Sisi twasema wazi: Serikali haimtafuti mtu nyumbani kwake ili impe msaada. Anayetaka, aombe.

Je, tunayo haki ya kuomba? Tunayo. Tangu 1971 nchi yetu ina sheria ya kulinda mali za utamaduni. Tena Katiba ya 2006, kifungu cha 46, yasema kwamba Serikali hulinda urithi wa utamaduni wa taifa. Kwa hiyo kuomba si aibu. Mwomba chumvi huombea chungu chake.

Tazameni mbuga zetu. Virunga iliandikwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1979, Garamba na Kahuzi-Biega 1980, Salonga 1984, na msitu wa Okapi 1996. Zote tano ni mahali pa misitu na wanyama. Hakuna iliyoandikwa kwa ajili ya kazi ya mikono ya watu. Kwa nini? Sokwe na okapi wamepata watu wa kuwaandikia makaratasi. Wazee wetu hawajapata.

Wengine hujibu: «Mpala ni mambo ya Wazungu, yaanguke tu.» Hatukubali. Ni kweli, Storms, aliyeitwa Bwana Boma, alijenga hapo mwaka 1883, na Mapadri Weupe walipokea mahali pale mwaka 1885. Lakini nani walifyatua matofali? Nani walibeba miti? Ng'ambo ya Ziwa, kule Ujiji, Tanzania inatunza mahali Stanley alipomwamkia Livingstone mwaka 1871. Wazungu wawili waliosalimiana wana jumba lao la ukumbusho. Na sisi, ambao wazee wetu wamezikwa Mpala, tunaona haya kuomba bati?

Wengine tena husema: «Shule kwanza, zahanati kwanza.» Wana haki kutaka hivyo. Lakini fedha ya kutunza urithi haitoki katika mfuko wa zahanati. Tusipoiomba, haiendi kwa wagonjwa wetu. Yaenda kwa wale waliotangulia kuandika.

Ila ombi letu liwe la kweli. Tukiandika habari za Mapadri na za Kapiteni Joubert peke yao, Serikali itajibu: «Hayo ni ya misioni, misioni iyatengeneze.» Tuandike yote. Tumwandike chifu Mpala, ambaye mahali hapa pana jina lake. Tumwandike Lusinga, aliyeuawa na watu wa Storms mwaka 1884, kichwa chake kikachukuliwa hata Ubelgiji. Tumwandike Stefano Kaoze, aliyesoma Mpala, akawa mwaka 1917 padri wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi. Habari chungu na habari tamu, zote ni za Mpala. Anayeficha nusu hataaminiwa hata kwa ile nusu anayoisema.

Basi, kazi ni nini? Kwanza, makaratasi ya kiwanja yatafutwe, mipaka ijulikane. Pili, wazee waulizwe, na maneno yao yaandikwe wangali hai. Tatu, kila ukuta upigwe picha, na fundi mwashi ahesabu gharama. Nne, ichaguliwe kamati yenye daftari la fedha ambalo kila mtu aweza kulisoma. Maana asiyejua kutoa hesabu ya fedha ya sadaka, nani atampa fedha ya taifa? Kisha ombi lipelekwe Kalemie na Kinshasa, nasi tubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Mwaka 2024 maji ya Ziwa yalipanda hata yakaingia katika mitaa ya Kalemie. Maji hayakungoja mkutano wetu, wala mvua haitangoja. Jumapili ijayo, baada ya Misa, tusiulize tena Leta itafanya nini. Tuulize: nani ana kalamu?