Ukialikwa Kwenye Somo la Yoga Mjini

Watu wetu wengi sasa wana watoto na ndugu katika miji ya Ulaya na Amerika, na wengine husafiri kwenda kuwatembelea. Basi huko utaalikwa. Mwana wako anayekaa New York atakuambia, "Mama, mgongo unakusumbua kila siku. Twende kwenye yoga, mara ya kwanza watatupunguzia bei." Mimi nasema, enda ukipenda. Lakini uende ukijua unachonunua na usichonunua.

Utakuta nyumba nzuri sana. Sakafu ni ya mbao inayong'aa, kuna harufu ya manukato, na watu husema kwa sauti ndogo kama walio karibu na kitanda cha mgonjwa. Utavua viatu mlangoni. Utapewa mkeka wa mpira unaotosha mtu mmoja tu. Mwalimu atasema: inua mikono, inama, peleka mguu mmoja nyuma, pumua kwa pua. Mwishoni wote hulala chali bila kujongea, na jina la mkao huo katika lugha ya Kisanskrit maana yake ni mkao wa maiti. Usishituke, ni kupumzika tu, na wengine hukoroma. Katika Manhattan somo moja la namna hiyo hulipwa dola 30 na zaidi.

Dola hizo zinalipa nini? Zinalipa kodi ya nyumba, na mwalimu, na ile sakafu. Mikao yenyewe haina mwenyewe. Bwana mmoja, Bikram Choudhury, alipata mali nyingi Amerika kwa kufundisha mikao 26 kwa dakika 90 katika chumba chenye joto la digrii 40. Alitaka mpango huo uwe mali yake, wengine wasiufundishe bila ruhusa. Mwaka 2015 mahakama ya rufani ilimkatalia, ikisema kwamba hiyo ni njia ya kutafuta afya, wala haiwezi kulindwa kama mtu anavyolinda kitabu alichoandika.

Tena sikilizeni habari za Boston. Waganga wa huko waliwakusanya watu 320 wenye maumivu ya mgongo ya siku nyingi, wengi wao maskini. Wengine walifanya yoga nyepesi mara moja kwa juma, kwa majuma 12, na kujizoeza nyumbani. Wengine walitibiwa na mafundi wa kunyosha viungo. Wengine walipewa kitabu cha mafundisho. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017: wale wa yoga walipata nafuu kama wale waliotibiwa na mafundi, na wachache zaidi kati yao walimeza dawa za maumivu kuliko wale wa kitabu. Hao hawakuhitaji jumba la fahari. Waliendelea juma kwa juma, na hapo ndipo penye kazi. Kwenda mara moja hakuponyi mgongo wa mtu.

Sasa nasema kama muuguzi, na hapa ndipo ninapoogopa. Katika darasa la matajiri mgeni huona haya. Jirani yake anajikunja kama utepe, naye anataka kumfuata. Usimfuate. Kuna ugonjwa wa macho uitwao glokoma, unaoharibu macho polepole, mara nyingi bila maumivu yoyote, nao huwapata watu weusi mara nyingi zaidi na mapema zaidi kuliko wazungu. Kichwa kikiwa chini ya moyo, shinikizo ndani ya jicho hupanda upesi. Mwenye glokoma asisimame kwa kichwa, wala asikae muda mrefu ameinama kichwa chini. Kama umepita miaka 40, upimwe macho kwanza. Mwenye mimba asiingie katika chumba cha joto, wala mwenye ugonjwa wa moyo, wala anayemeza dawa za shinikizo la damu bila kumwuliza munganga wake. Na maumivu ya mgongo yanayokuja pamoja na homa, jasho la usiku, kukonda, au miguu kulegea, hayo si ya mkeka. Labda ni kifua kikuu cha mifupa. Enda hospitali siku hiyohiyo.

Washirika wataniuliza, Je, si ibada ya miungu? Jibu langu si fupi. Neno yoga lina shina moja na neno la nira, na asili yake ni katika dini za India. Si haki kuwanyang'anya Wahindi jambo lao na kusema halina dini. Lakini mikao mingi ya madarasa ya leo ilipangwa Mysore katika miaka ya 1930 na mwalimu Krishnamacharya, na wanafunzi wake, kama B.K.S. Iyengar na Indra Devi, waliipeleka ng'ambo. Kwangu mimi, kunyosha mgongo si kusujudu. Ila neno usilolijua usilitamke kwa sababu wengine wanalitamka. Nyamaza tu, hakuna atakayekukasirikia.

Ukifika, mwambie mwalimu ugonjwa wako kabla somo halijaanza, si katikati. Chagua mahali karibu na mlango. Kizunguzungu kikija, keti chini, unywe maji.

Na wewe usiye na mwana New York, wewe mama unayebeba kuni kwa kamba ya kichwani, twaa mkeka wako wa majani. Lala chali, kunja magoti, vuta goti moja kifuani kwa upole, hesabu pumzi tano, uliachilie, uvute la pili. Ukisikia uchungu mkali, acha. Fanya hivyo asubuhi kabla ya kwenda shamba, na tena jioni ukishautua mzigo.