Fundi Anaonewa: Kosa la Sabufa Hufanyika Dukani

Hivi umewahi kusoma boksi la amplifaya ya gari? Limeandikwa wati 3000 kwa maandishi makubwa, na bei yake haifiki hata nusu ya bumu. Mtu anatoa hela, anabeba mzigo hadi kwa fundi, anafungiwa, na wiki mbili baadaye amplifaya inanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Lawama zote anatupiwa fundi. Mimi nasema fundi anaonewa. Mara nyingi kosa lilishafanyika dukani, na sisi tuliofaulu fizikia ya sekondari hatuna cha kujitetea.

Tuanze na hizo wati. Geuza amplifaya utazame fyuzi zake. Ukikuta mbili za ampea 30, jumla ni ampea 60. Injini ikiwa inaunguruma, umeme wa gari huwa kama volti 14. Zidisha, unapata wati 840. Huo ni umeme unaoingia tu, na amplifaya ya kawaida ya daraja AB inageuza sehemu kubwa ya huo kuwa joto. Ikikupa wati 500 kwenye spika, shukuru. Sasa hizo 3000 zimetoka wapi? Zimetoka kwa aliyechapa boksi. Namba ya kuangalia ni ile ya RMS, yaani wati ambazo amplifaya inaweza kutoa, au sabufa inaweza kubeba, muda wote muziki unapopiga. Hizo ndizo zinazotakiwa kukaribiana kati ya vifaa viwili.

Lakini RMS peke yake haitoshi, maana kila amplifaya hutoa wati zake kwa omu fulani. Ile inayotoa wati 500 kwenye omu 2, ukiifunga omu 4 inaweza kukupa kama 300 tu. Ukiishusha hadi omu 1 wakati haikuundwa kwa kazi hiyo, mkondo unapanda na joto linapanda nao. Ikiwa na bahati inajizima yenyewe. Isipokuwa na bahati, transista zinaungua, na hapo ndo ile harufu ya pasi.

Na omu hizo zinaamuliwa na koili. Sabufa nyingi za gari zina koili mbili, kila moja na chanya yake na hasi yake. Tuseme kila koili ni omu 4. Ukiziunganisha kwa mfuatano, yaani hasi ya koili ya kwanza iingie kwenye chanya ya koili ya pili, unapata omu 8. Ukiziunganisha sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, unapata omu 2. Omu 4 huipati hapo kwa kutumia koili zote mbili, hata ukeshe unasali. Aliyeitaka omu 4 alipaswa kununua sabufa yenye koili mbili za omu 2, ambayo hutoa 4 kwa mfuatano au 1 kwa sambamba. Kwenye rafu sabufa hizi mbili zinafanana kama mapacha. Tofauti ni kanamba kadogo kwenye lebo, na hakuna fundi duniani anayeweza kuirekebisha kwa waya baada ya wewe kulipa.

Wanaotaka sabufa mbili, mambo ni yaleyale. Kama amplifaya inahimili omu 1, chukua mbili zenye koili za omu 4 na uunganishe koili zote nne sambamba. Kama mwisho wake ni omu 2, chukua mbili zenye koili za omu 2: koili za kila sabufa kwa mfuatano, kisha sabufa zenyewe sambamba. Ila ya chaneli mbili ina mtego. Ukiunganisha chaneli zake ziwe moja, kila chaneli inaona nusu ya omu ulizofunga, kwa hiyo inayohimili omu 2 kwa kila chaneli isifungwe chini ya omu 4.

Kuna mshkaji atasema, mbona fulani kafunga hovyo na inapiga? Inapiga, ndiyo, akiwa na sauti ndogo. Akitaka besi ya kutikisa vioo anapandisha geini kana kwamba ni kitufe cha sauti, wimbi linakatika kichwa, na koili inachemka taratibu. Mbaya zaidi, wengi wa aina hiyo wanabana hela kwenye waya, wananunua mwembamba wa aluminiamu uliopakwa shaba juu, na fyuzi kubwa ya karibu na betri hawaweki kabisa. Waya huo ukichubuka na kugusa bodi, betri inamwaga mkondo wote hapo hapo. Hapo hatuongelei besi tena, tunaongelea gari la mzee kuwaka moto likiwa na watu ndani. Fyuzi hiyo ikae ndani ya nusu mita kutoka kwenye betri, na hili halina mjadala.

Kwa hiyo, mwenye multimita chumbani aende nayo dukani. Koili ya omu 4 ikipimwa husoma pungufu kidogo, kama 3.5 hivi, na hiyo ni kawaida. Ikisoma sifuri au isiposoma chochote, irudishe kwenye rafu, wala usibishane na muuzaji.