Picha ya Ukutani Itokayo Mgombani

Askari anayehamishwa hupewa siku chache za kufungasha. Vyombo hupakiwa katika lori, godoro hukunjwa, na picha ya kioo iliyonunuliwa mjini kwa fedha nyingi huvunjika kabla safari haijafika nusu. Kwa sababu hiyo kuta za nyumba nyingi za kambini hubaki tupu, maana mama mwenye nyumba huona ni hasara kupamba mahali atakapopaacha. Lakini mtoto anayekulia baina ya kuta hizo hajui kwamba yumo safarini. Kwake yeye hapo ndipo nyumbani.

Katika sehemu za kati, kusini na magharibi ya Uganda, dawa ya jambo hili hupatikana nyuma ya nyumba. Shina la mgomba huzungukwa na magamba yanayokauka yenyewe. Lile la nje lililopigwa jua na mvua huwa la kahawia nzito, la ndani hukaribia weupe wa maziwa, na baina yake zimo rangi za asali na za chai. Rangi ya kununua haihitajiki.

Yachukuliwe magamba yaliyokwisha kukauka, au ya shina ambalo mkungu wake umekwisha kukatwa. Mgomba unaolea mkungu usichunwe. Kuondoa magamba makavu kuna faida ya pili shambani, kwani humnyima fukusi wa migomba maficho yake.

VIFAA

Magamba makavu, katoni tupu ya dukani, gundi nyeupe ya seremala, mkasi, sindano kubwa, fito 4 za mwanzi mkavu, na kitambaa cha kuwekwa nyuma ya picha. Kitambaa kifaacho zaidi ni lubugo, kitokanacho na gome la mti uitwao mutuba, ambalo mafundi wa Buganda hulipondaponda kwa nyundo za mti mpaka likalainika. Kazi hiyo ya kale ilitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi bora wa binadamu. Kipande kidogo kilichosalia kwa fundi chatosha. Asiyekipata atumie gunia safi. Sare iliyochakaa isikatwe, kwa kuwa ni mali ya serikali.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Magamba yapanguswe kwa kitambaa chenye unyevu, yapasuliwe kwa urefu, kisha yapigwe pasi ya moto wa kadiri huku yamefunikwa kitambaa. Yalazwe chini ya vitu vizito kwa siku 2, yasije yakajikunja baadaye.

Katoni ikatwe sentimita 40 kwa 30, na lubugo ibandikwe juu yake. Achaguliwe mchoro mwepesi, kwa mfano korongo mwenye taji, ndege aliye katika bendera ya Uganda. Achorwe kwanza katika gazeti kuukuu, kila kiungo kikatwe peke yake, na karatasi hizo ziwe kipimo cha kukatia magamba. Hubandikwa kwanza vilivyo mbali, yaani ardhi na majani, kisha mwili, shingo, bawa na miguu. Taji hutengenezwa kwa nyuzi nyembamba za gamba.

Gundi ipakwe kidogo, maana ikizidi huacha madoa. Uji wa muhogo nao hushika, lakini huwavuta mende. Picha ilazwe chini ya ubao usiku kucha.

Fito 2 ziwe za sentimita 50, na 2 za sentimita 40. Zipishane pembeni, kila ncha ikitokeza sentimita 5, na zifungwe kwa kamba ya mgomba. Mwisho katoni ishonewe nyuma ya fito. Hakuna msumari wala kioo.

UTUNZAJI

Picha isitundikwe karibu na jiko, kwa kuwa gamba hushika moto upesi. Wala juani, rangi zisije zikapauka. Wala katika ukuta wenye unyevu, isije ikaota ukungu. Vumbi liondolewe kwa unyoya. Katika nyumba ya mabati ya duara, ambayo ukuta wake haupigiliwi msumari, itundikwe kwa kamba kutoka kwenye boriti ya paa.

Barua ya uhamisho ifikapo, kamba za pembeni hufunguliwa, fito hufungwa pamoja, na picha hulazwa baina ya nguo. Atakayepelekwa Karamoja, ambako migomba ni adimu, ataendelea na kazi ile ile kwa majani na mabua ya mtama.

Watoto wapewe sehemu yao katika kukata na kubandika. Mtoto aliyelikata bawa la korongo kwa mkono wake, afikapo kambi mpya, ataulizia picha kabla ya kuulizia kitanda.