Mkasi Nao Husema

Wako watu, msomaji, wadhanio kuwa mhariri wa picha za televisheni ni kama fundi cherehani: apewa kitambaa kirefu, naye akipunguze mpaka kienee katika taarifa ya habari. Nimeifanya kazi hiyo miaka 38, toka 1974 hata 2012, na sasa nimestaafu hapa Kakamega. Nasema dhana hiyo ni potofu, tena ina madhara. Mhariri hafupishi tu, mhariri husema.

Twaa mfano ulio mlangoni petu. Isukuti, mchezo wa Waisukha na Waidakho, una ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Mwaka 2014 UNESCO iliutia katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Isukuti huchezwa arusini, na huchezwa mazikoni vilevile. Basi mpiga picha akirudi na dakika 20 za maziko ya mzee, na mhariri akachagua sekunde 8 ambazo jeneza halionekani, akaziunga na hotuba ya mwanasiasa iliyotolewa siku nyingine katika uwanja mwingine, mtazamaji aliyeko Mombasa au Lodwar ataapa kuwa ameiona Shinyalu nzima ikimshangilia mtu yule. Hapana neno la uongo lililotamkwa, wala hapana picha iliyoghushiwa. Lakini waliokuwa wakiomboleza wamefanywa mashahidi wa furaha isiyokuwa yao. Je, huko ndiko kufupisha?

Jambo hili si geni duniani. Yasimuliwa kuwa karibu na mwaka 1920, Lev Kuleshov wa Urusi aliuunga uso mmoja wa mwigizaji, usiobadilika hata kidogo, na picha ya bakuli la mchuzi, kisha na picha ya jeneza; watazamaji wakausifu uso uleule kwa njaa, kisha kwa huzuni.

Watanijibu kwamba mashine za leo zimeyarahisisha mambo, na kwamba wazee hatupendi mapya. La hasha! Siililii filamu ya milimita 16, tuliyoikata kwa mkono na kuiunga kipande kwa kipande. Wala siililii kanda ya U-matic, ambayo ukitaka kuchomeka picha moja katikati, yakupasa kunakili upya yote yaliyofuata. Kazi ile ilichosha mgongo. Lakini ilikuwa na faida moja: kipande cha filamu kilichokatwa kilining'inia juu ya kapu mbele ya macho yetu, na mtu yeyote aliyetushuku aliweza kuingia chumbani, akakishika, akauliza kwa nini kimeachwa.

Hicho kilichoachwa ndicho ninachokigombania. Mkubwa mmoja wa kazi, katika kituo ambacho sitakitaja, alituamuru kurekodi juu ya kanda za zamani ili kuokoa fedha. Tukiuliza, alisema habari ikishasomwa imekwisha. Haikwisha! Aliyesingiziwa na mkasi hana wakili mwingine ila picha nzima isiyokatwa. Ukiifuta, umemfunga kinywa. Hata wakubwa wa dunia wamefanya hivyo: kanda za asili zilizopokea picha za Apollo 11 kutoka mwezini mwaka 1969 zilitafutwa zisionekane, na mwaka 2009 NASA ilieleza kwamba yaelekea zilifutwa zikatumiwa tena. Kama safari ya mwezini ilifutwa kwa kubana matumizi, maziko ya mzee wa Shinyalu yatasalimikaje?

Nawe, kijana, usidhani kuwa nawasema watu wa vituoni peke yao. Simu hukata upesi kuliko mkasi wangu, na kipande chake hakining'inii popote. Siku moja utaletewa sekunde 15 za mwalimu akifoka darasani, nao wenzako watacheka na kumhukumu. Mwulize aliyekuletea: sekunde iliyotangulia i wapi? Nani alisema nini kabla mwalimu hajainua sauti? Akikuonyesha picha nzima, itazame, kisha uamue. Akisema ameifuta, usimpelekee mtu mwingine kipande kile.