Waraka kwa Wanafunzi wa Aru Walio Bunia, juu ya Wenzetu Wanaozidiwa na Mtihani

Kwa ndugu na dada wote wa chama chetu, mliotoka Aru, Ariwara, Ingbokolo, Biringi na vijiji vyote vya kwetu, mnaosoma hapa Bunia:

Ninawaandikia kwa upendo, na pia kwa huzuni. Kuna wenzetu ambao wakiketi mbele ya karatasi ya mtihani mikono hutetemeka, pumzi hukatika, na yote waliyoyasoma kwa majuma hupotea kana kwamba hawakuyaona kamwe. Kuna wengine ambao hawatetemeki, lakini fikra zao hazitulii: mtu akikohoa nyuma, kiti kikiburutwa, wazo limekwisha kukimbia, na saa inapolia wamejibu nusu tu ya yale wanayoyajua. Tumewaita wavivu. Tumenong'ona kwamba wamelogwa. Na mmoja wao alipoomba kwa wakuu wa fakilte yake chumba chenye utulivu na dakika za ziada, waliosema kwa sauti kubwa kwamba anatafuta pointi za bure walikuwa sisi, watu wa kwao. Hilo ndilo lililonisukuma kuandika.

Ndugu zangu, kumbukeni sisi ni wana wa nani. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, na mwaka uliofuata, Walugbara na Wakakwa wengi wa West Nile, kule Uganda, walivuka mpaka wakaja kwetu. Wazee wetu waliwapa mashamba na mahali pa kulala kwanza, maswali yakafuata baadaye. Miaka ya karibuni Biringi imewapokea wakimbizi wa Sudan Kusini. Watu waliolelewa na wazee wa namna hiyo wanawezaje kumcheka dada yao aliyetoka oditwari akilia? Mgeni tulimwamini aliposema anateseka. Wa nyumbani tunamdai ushahidi.

Niwaeleze ninavyolielewa jambo hili. Hofu kidogo huamsha akili. Ikizidi, huziba mahali ambapo akili hushikilia swali wakati inatafuta jibu. Mwanafunzi huyo amesoma kweli, ila njia ya kuyafikia aliyosoma imefungwa kwa saa hiyo. Na ugumu wa kutuliza fikra si uvumbuzi wa vijana wa leo: mwaka 1902 daktari George Still aliwaeleza madaktari wenzake kule London habari za watoto wenye akili timamu walioshindwa kujizuia na kutulia. Wengi huzaliwa na hali hiyo na kukua nayo mpaka utu uzima. Ongezeni machafuko yaliyotupata hapa Ituri. Yupo kati yetu aliyeona kijiji kikiungua, yupo anayeshtuka mlango ukigongwa kwa nguvu. Na huyo tunamweka katika chumba kilichojaa watu mamia, ambamo asubuhi ileile majina ya wasiomaliza kulipa minervali, yaani ada ya masomo, yanasomwa ili watoke. Mimi sishangai kwamba wengine hushindwa kuandika. Nashangaa kwamba wengi hufaulu.

Wengine mtasema: haki ni wote kupewa saa zilezile. Nimelipima neno hilo kwa makini, maana linatoka kwa watu wanaopenda haki. Lakini mtihani umewekwa ili mwalimu ajue mwanafunzi anajua nini. Dakika thelathini za ziada hazimpi jibu mtu asiyelijua. Jirani zetu wa Uganda wamelikubali hilo: baraza lao la mitihani huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalum dakika 45 zaidi, na cheti chao ni kilekile. Nchi yetu ya Kongo nayo ilijiunga mwaka 2015 na Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu wenye Ulemavu, ambayo kifungu chake cha 24 kinataja hata masomo ya juu na kudai marekebisho ya kufaa. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria yetu wenyewe, namba 22/003, ya kulinda na kukuza haki za watu hao. Sitaki mtu adanganyike: si kila anayeogopa mtihani anahesabiwa mlemavu mbele ya sheria. Hata hivyo kuomba si aibu, wala si wizi.

Wizi upo kwingine, na lazima niutaje. Wapo walionunua karatasi ya daktari ili wakimbie mtihani ambao hawakujiandaa kuufanya. Mpendwa uliyefanya hivyo, ujue umemwibia ndugu yako. Kila karatasi ya uongo inayofika ofisi ya apariteri inamfanya katibu aitazame ya kweli kwa mashaka. Nakuomba uache, na sitakutaja.

Nanyi mnaoteseka, msingoje asubuhi ya mtihani. Mwoneni daktari mapema, kisha mwandikieni dekano barua kabla ya sesheni kufunguliwa, mkiomba jambo moja au mawili yanayoeleweka: kukaa mbele mbali na mlango, chumba kidogo, muda wa ziada, ruhusa ya kutoka kidogo na kurudi. Barua iwe fupi na ya heshima, na mbaki na kopi yenye muhuri wa mapokezi. Mkikataliwa, ulizeni sababu kwa upole na muombe iandikwe.

Kamati ya chama chetu imekubali kwamba hakuna atakayepeleka barua hiyo peke yake akitaka mwenzi. Mama mshauri wa chama atawapokea akina dada wanaopenda kusema naye kwa faragha, nami nitawapokea wengine baada ya mkutano wetu wa Jumapili. Wakuu wa kila promosheni wausome waraka huu mbele ya wote kabla orodha za mtihani hazijabandikwa.

Ndugu yenu,
Mwenyekiti