Mlinzi Aliyevua Magwanda Asionewe

Ndugu wanajeshi na polisi, wengi wenu mtakapovua magwanda mtashika rungu langoni mwa tajiri fulani. Kabla ya siku hiyo yawapasa kuijua Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006. Haimhusu mwanajeshi wa UPDF aliye kazini. Bali yamhusu raia aajiriwaye na jeshi, na mstaafu aliyepata kazi kwingine.

Mfanyakazi aliyetimiza wiki 13 kazini, akifukuzwa bila haki, hupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi katika muda wa miezi mitatu. Twasisitiza hesabu hiyo, kwani wengi hukaa nyumbani wakingoja hasira ya tajiri ipoe, hata muda ukawapita.

Na fidia yenyewe je? Sheria hiyo iliweka msingi wa mshahara wa wiki nne, na nyongeza isiyozidi miezi mitatu. Jirani zetu wa Kenya, katika sheria yao ya mwaka 2007, waliruhusu hadi mishahara ya miezi 12. Sisi twaona kiwango cha kwetu ni haba mno. Tajiri mwenye hila hukihesabu miongoni mwa gharama ndogo za biashara, kama bei ya kufuli. Waheshimiwa Wabunge na wakipandishe.